Mti Usiotaka Chuma

Aprili 3, Kikoneni

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza na Bi Biasha, mganga wetu wa mitishamba, na sijui kati ya hao wawili nani mwenye kelele zaidi. Nilikwenda kwake asubuhi, ng'ambo ya bonde, kuchimba mizizi ya mtserere kwa utafiti wangu wa shahada. Kaka yangu Sanga alinisindikiza, na mkononi nina jembe lake zuri. Kuliona tu, mama wa watu akapiga ukelele.

"Weka mbali hicho chuma! Mti huu hautaki chuma. Unachimbwa kwa mti mwenzake, na anayeunywa haguswi na chuma, hata cha sindano, mpaka azimuliwe, aondolewe mwiko. Kwenu hamkufundishwa?"

"Shikamoo kwanza, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Jembe liache njiani."

Basi nikachimba kwa kijiti kilichochongwa ncha, nimepiga magoti kwenye tope, Sanga ananicheka mpaka anajishika mbavu. Kusema kweli sikuona hasara. Mizizi nimeipata, Bi Biasha ameridhika, na majirani waliopita wameona kwamba binti Rai amesoma lakini hakuharibika. Hilo lilinifurahisha, nisiseme uongo.

Mtserere hakuna aliyeuandika kwa maana. Wenyewe huutumia kwa uvimbe na majipu. Mimi nataka kujua ndani una nini, na hicho kilichomo kinafanya nini mwilini.

Nyumbani alitupokea Kadzo, mke wa Sanga, kichwa amekifunga leso. Nywele zote zimeanguka. Mwezi wa kwanza alikutwa na saratani ya titi, na daktari wa Mombasa akampangia vizuri: dripu kwanza ili uvimbe unywee, kisha upasuaji. Haijasambaa, alisema, mradi asikose zamu hata moja. Dripu mbili ameshapata, na kila moja imemlaza kitandani akitapika. Lakini leo alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za watoto wa watu.

"Wifi," akaniambia, "wewe kwa mapenzi haya ya mizizi utaolewa na chupa."

"Mahari atalipa nani?"

"Chupa. Si ndiyo mume?"

Aprili 7, Matuga

Mizizi iko kivulini hapa maabara ya chuo, inakauka kwa kusuasua. Nimeigeuza kuliko chapati. Unyevu huu utaniotesha ukungu.

Aprili 12

Nimesaga, nimeloweka kwenye methanoli, nimechuja. Nimebaki na kitu cheusi cha kunata, kichungu hata kwa harufu. Nikitikisa na maji kinatoa povu zito linalokaa: kuna saponini, kemikali za mimea zinazofanya kazi kama sabuni. Matone ya kipimo cha alkaloidi, zile kemikali za mimea ya dawa na ya sumu, yamegeuka rangi ya chungwa papo hapo. Mwalimu Swabir, msimamizi wangu, akachungulia, akasema, "Huu si mti wa mchezo." Kwa Mwalimu Swabir hiyo ni hotuba nzima.

Aprili 15

Umeme umekatika mchana kutwa. Nimekula mihogo.

Aprili 18

Leo nimeujaribu mti kwa vikamba. Ni vijidudu vya maji ya chumvi, mayai yao huja yamekauka kwenye kopo, unayaangua mwenyewe, kisha unawatilia dawa kidogo kidogo uone wangapi watakufa. Ni kipimo cha kwanza, cha watu maskini, cha kujua kama kitu kina nguvu.

Wamekufa wote. Nimepunguza dawa, wamekufa. Nimepunguza tena mpaka nikaona haya, bado wakafa wengi. Nikaruka ruka mle ndani peke yangu.

Mwalimu Swabir hakuruka. "Caroline, kuua ni rahisi. Hata sabuni inaua. Swali ni unaua nani na unamwacha nani."

Namheshimu, lakini mzee huyu angekwenda arusini angeuliza kama bwana arusi ana minyoo.

Aprili 25

Nimelia kwa furaha! Sampuli niliyopeleka Nairobi imerudisha majibu ya kwanza. Mtserere umeua seli za saratani ya titi ndani ya vyombo vya kioo, tena kwa kiasi kidogo mno. Majibu ya pili, ya seli zisizo na ugonjwa, bado. Wanasema mashine ina foleni.

Nikampigia Sanga hapo hapo. Nilimsikia akiita watu, "Njooni msikie, ni Karo!" Nikapaza sauti: "Kaka, ule mti wa Bi Biasha unaua seli za saratani! Ya titi hasa!" Wakapiga vigelegele. Nikasikia Kadzo naye akipiga, sauti imemchoka kidogo lakini imo.

Nikaongeza kwamba ni kwenye kioo, bado si dawa ya mtu. Nadhani niliongeza. Vigelegele vilikuwa vingi.

Aprili 26

Mvua. Ukunda nzima ni bwawa.

Mei 1, Kikoneni

Sikukuu, nikaja nyumbani na samaki wa Shimoni kwa ajili ya wagonjwa na wazima. Nimekuta cherehani imefunikwa gunia, nikajua kuna jambo.

"Wifi, mbona hushoni?"

Kadzo akatazama mlango. "Sindano ni chuma."

Nikauliza zamu ya dripu ya Jumatatu ilikwendaje, ingawa jibu nilikuwa nimeshalijua. Hakwenda. Tangu siku ile niliyopiga simu anakunywa mtserere, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Sanga anauchimba mwenyewe kwa kijiti, anauchemsha mwenyewe. Hata samaki wangu walikatwa kwa mwanzi uliochongwa, kisu hakikuingia jikoni.

Nikafoka. Nikamwambia Sanga amerogwa, ama amelewa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema polepole, kama mtu anayeeleza mtoto:

"Karo, si wewe uliyesema unaua saratani?"

"Kwenye kioo!"

"Na si wewe uliyechimba ukaacha jembe njiani? Mwiko ungekuwa upuuzi, ungeufuata wewe msomi? Watu wote walikuona. Bi Biasha anasema hata wenye maabara wanauheshimu."

Ningemwambia nini, kwamba niliacha jembe kwa adabu tu? Kwamba nilipiga magoti kwenye tope ili nisifiwe? Nimejipalia makaa mwenyewe, na anayeungua ni Kadzo.

Tena si yeye peke yake. Sanga anamchimbia na Rispah, jirani yetu mwenye uvimbe wa shingoni, aliyekuwa aende akakatwe kinyama cha kupimwa. Anawachimbia na mama wawili wa huko chini. Hachukui hata shilingi. Viganja vyake vimejaa malengelenge ya kile kijiti, na ni fundi pikipiki, vile viganja ndivyo vinavyotulisha. Ningependa kumchukia leo lakini siwezi.

Mei 3

Nimekwenda kwa Bi Biasha. Alinikaribisha kwa mahamri na chai ya tangawizi, ana furaha kama mwenye arusi.

"Mwanangu, umenisafishia jina! Miaka yote waliniita mchawi. Sasa wanakuja mpaka kutoka Majoreni."

"Mama, Kadzo ana dawa yake hospitali. Asipoipata kwa wakati, atakufa. Nakuomba umfungulie mwiko."

Furaha ikamtoka. "Mimi sikuuweka mwiko huu, na sina uwezo wa kuuondoa. Anayezimua ni aliyechimba. Basi. Kaka yako akubali, aoshe mikono ya mgonjwa kwa maji yaliyolala na jembe, imekwisha. Bila hivyo, chuma kikimgusa, mti unageuka mwilini."

"Wewe unaamini hivyo kweli?"

"Ebo! Mama yangu alikufa hivyo. Alichomwa sindano akiwa anakunywa, jioni hakuiona."

Nikatazama mahamri. Nilitaka kumuuliza kama mama yake hakufa kwa ule mti wenyewe, lakini mtu amekukaribisha kwake, humwulizi hivyo juu ya mama yake. Nilikunywa chai nikaondoka.

Sanga amekataa kuzimua. Anasema uvimbe umelainika, yeye mwenyewe ameushika. Hospitali wameniambia wiki moja ya kuchelewa inavumilika, zaidi ya hapo hawaahidi.

Mei 6, Matuga

Nimempigia Sanga. Hakupokea.

Mei 7

Hakupokea.

Mei 10

Amepokea, akasema Kadzo analala vizuri siku hizi, hatapiki, na amecheka jana. Akakata.

Nimekaa na simu mkononi. Huenda mimi ndiye mwenye wasiwasi wa bure? Huenda mti ni mzuri kweli, na nitakuwa nimemzuia mtu kupona kwa sababu karatasi za Nairobi zimechelewa? Nilijaribu kuamini hivyo mpaka jioni. Ilikuwa raha.

Mei 16

Majibu ya pili yamefika. Kule Nairobi hutumia seli za figo ya tumbili, nzima, zisizo na ugonjwa wowote. Mtserere umeziua kwa kiasi kile kile, karibu sawa na za saratani. Hauchagui. Kwake seli ni seli, ya mgonjwa ama ya mzima.

Mwalimu Swabir alisoma, akaivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Kwa andiko lako si vibaya. Ni matokeo ya haki kabisa. Kitu cha namna hii kikinywewa, kwa kawaida ini ndilo linalotangulia kuumia."

"Mwalimu, wifi yangu anakunywa. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, wiki ya tatu sasa."

Akaniangalia. Sijawahi kumwona mzee yule ameshtuka. "Basi unafanya nini hapa?"

Nikatoka na koti la maabara mwilini. Mvua ilikuwa imekata barabara mtoni, magari yamepangana pande zote mbili, watu wanatazama maji. Nilisimama pale nikiwaza kikombe cha jioni. Nikampigia Sanga, simu imezimwa. Kwa Rispah, haipatikani. Giza lilipoingia mtu mmoja wa bodaboda akaniambia, "Dada, hapa hapavukiki leo, hata ukilia." Nililia hata hivyo.

Mei 17, Kikoneni

Nimefika asubuhi, tope mpaka kiunoni. Kadzo alikuwa amekaa mlangoni akiota jua dogo lililochomoza. Akageuza uso kunisalimu, na macho yake yalikuwa ya manjano.

"Karibu, wifi. Mbona umevaa kama mpishi wa hoteli?"

Nikampita, nikalichukua sufuria la dawa jikoni, nikalimwaga uani. Sanga alinishika mkono nusura auvunje. Nikamwambia yote, seli za tumbili, ini, yale macho. Nikamwambia, "Ulivyoshika uvimbe ukalainika, ni kweli. Unaua uvimbe na unamuua Kadzo, vyote pamoja."

"Mwezi jana unaua saratani. Mwezi huu unaua mtu. Tumwamini Karo yupi?"

"Huyu wa leo!"

"Na kesho je? Utakuja na karatasi nyingine?"

Hakusema kwa dharau. Alikuwa anauliza kweli, na mimi nikaanza kueleza mambo ya majibu ya kwanza na ya pili, foleni ya mashine, mpaka nikajisikia upuuzi wangu mwenyewe.

Kadzo ndiye aliyetunyamazisha. "Nyinyi mmenigombania vya kutosha. Wifi, ile dripu yenu ilinionyesha kaburi. Mti huu umenipa usingizi. Hebu niambie bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nikiacha leo, nitapona?"

"Sijui. Ukiendelea, najua."

Akamgeukia mumewe. "Nizimue, Sanga."

"Kadzo..."

"Nizimue. Nimechoka kula samaki aliyekatwa kwa mwanzi."

Sanga alisema jembe lazima lilale majini usiku kucha kwanza, ndivyo inavyotakiwa. Nikasema twendeni sasa hivi, maji yameshapungua mtoni. Kadzo akasema hatachomwa kabla ya kuzimuliwa, kwamba kama mimi sioni hofu ya mwiko, yeye anaiona, na mwili ni wake. Tukangoja jembe lilale.

Mei 18

Amezimuliwa. Sanga alimwosha mikono kwa maji yale, kidole kimoja kimoja, akilia waziwazi. Tumepanda gari, tumevuka feri ya Likoni, tumefika. Sindano ya kwanza ilipomgusa, Kadzo alifumba macho akangoja. Alipoona bado yuko, akacheka.

Daktari ni kijana mwenye sauti ya chini. Ini limeharibika vibaya. Dripu ya saratani haiwezi kutolewa juu ya ini la namna hiyo, itammaliza. Upasuaji pia hauwezekani. Tungoje ini lipone lenyewe, kama litapona.

"Alikuwa anatumia dawa nyingine nyumbani?" akauliza.

Sanga akatazama sakafu. Nikajibu mimi.

Mei 24

Hakuna mabadiliko. Mvua inapiga madirisha ya wodi.

Mei 29

Amekula ndizi nusu. Ameniuliza mahari ya chupa imefikia wapi.

Juni 2

Tumbo limevimba maji. Anamwita Sanga kwa jina la marehemu baba yake.

Juni 5

Kadzo amefariki asubuhi hii.

Juni 8

Tumemzika. Sikuandika tangu juzi, na leo sitaandika.

Juni 12, Kikoneni

Leo wamevunja matanga. Watu wamekaa kwenye mikeka uani, mvua imetupa nafasi. Rispah alikuwa akigawa chai, kitambaa shingoni. Bi Biasha alikuwepo, amekuja tangu mazishi, hakula wala hakuongea sana.

Kabla watu hawajatawanyika, mzee mmoja wa ukoo akasimama kushukuru. Akashukuru majirani, kanisa, wapishi. Kisha akasema, "Na tumshukuru Sanga, aliyemchimbia mkewe kwa mikono yake. Bila ule mti binti huyu asingefika Juni. Chuma cha hospitali ndicho kilichommaliza. Tulimwona akienda kwa miguu yake, akarudi kwenye sanduku."

Watu wakaitika. Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba naye anywe kwa bidii, asidanganywe kwenda Mombasa.

Nilimtazama Sanga. Amekonda, macho yametulia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Yale maneno yalikuwa yamempa pa kuegemea. Nilijua nikinyamaza ataweza kulala. Nilijua pia kikombe cha jioni kiko jikoni kwa Rispah.

Nikasimama. Mwanamke, tena mdogo wa ukoo, kusimama baada ya mzee kufunga, si adabu. Nikaomba radhi kwanza.

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Na hapa tumeshalia. Kadzo hakuuawa na sindano. Ini lake liliharibika kabla hajafika hospitali, na lililoliharibu ni mtserere. Nimeupima. Unaua uvimbe na unamuua mwenye uvimbe. Mimi ndiye niliyeusifu kabla sijaujua, nikawapigia simu, mkapiga vigelegele. Mimi ndiye niliyeacha jembe njiani ili mnione mwema. Kaka yangu alichimba kwa mapenzi, na kwa neno langu. Anayekunywa na aache leo."

"Kaa chini, Karo," Sanga akasema.

"Kaka, wapo watatu bado wanakunywa."

"Nimesema kaa chini!"

Sikukaa. Nikarudia ile ya mwisho, anayekunywa na aache leo. Sanga akainuka, akapita katikati ya mikeka, akaingia ndani, akafunga mlango. Watu wakaanza kukusanya vyombo bila kunitazama. Bi Biasha alinipita karibu kabisa, akasimama, midomo ikamcheza, kisha akaenda zake. Mama yangu ananiambia ningengoja hata mwezi mmoja. Nimemwambia ini halingoji. Amenijibu, na kaka yako je, yeye anangoja?

Juni 13

Nilikuwa nafunga mkoba kurudi Matuga, alfajiri, Rispah akabisha hodi. Ana mfuko wa nguo na shuka.

"Nimemwaga. Nataka kwenda kukatwa kile kinyama. Lakini sijazimuliwa, Karo, na aliyenichimbia ni Sanga. Nenda kaniombee."

"Kaka hazungumzi na mimi."

"Basi twende wote. Peke yangu naogopa."

Nilitaka kumwambia aache hayo mambo, apande gari. Nikakumbuka Kadzo alivyosema mwili ni wake. Tukaenda mpaka mlangoni kwa Sanga. Nilibisha, sikujibiwa, nikabisha tena. Rispah akaita kwa sauti yake nyembamba, "Sanga, ndugu yangu, ni mimi. Nifungue niende."

Nikamshika Rispah mkono tuondoke. Ndipo mlango ukafunguka. Sanga alikuwa na beseni. Ndani yake jembe limelala, maji yametulia, yalikuwa hapo tangu usiku. Hakuniangalia. Akamketisha Rispah kwenye kigoda, akamwosha mikono, kidole kimoja kimoja, pole pole, kama alivyomwosha mkewe. Mabeseni mengine mawili yalikuwa nyuma yake, ya wale mama wa huko chini.

Alipomaliza akamwaga maji, akasimama amenipa mgongo.

"Ukifika naye, daktari atauliza kama alikunywa kitu nyumbani."

"Ataniuliza, kaka."

"Usimfiche. Mwambie alikunywa nini, na mwambie aliyemchimbia ni mimi. Mimi pale nilitazama chini."

Nikamwambia nitasema. Akachukua beseni lake akaingia ndani, hakuniaga.